Barua ya wazi kwa wakuu wa gofu: tupeni kipimo, msituachie kupima nia

Tanga

Kwa wakuu wa kanuni wa R&A, St Andrews, Scotland; kwa wenzao wa USGA, Marekani; na kwa viongozi wetu wa Chama cha Gofu Tanzania (TGU) na Chama cha Gofu cha Wanawake (TLGU)

YAH: KANUNI YA 10.1b NA PUTA NDEFU

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Tanga, kwenu mnaotunga kanuni za gofu za dunia na kwenu mnaouongoza mchezo huu nchini. Barua hii inatoka kwa makedi, yaani wabeba fimbo, waandika kadi, yaani wanaoandika mipigo ya mchezaji mwenzao, mafundi wa fimbo na wachezaji wa ridhaa wa huku pwani. Hatuna ugomvi na puta ndefu, wala hatuombi ipigwe marufuku. Tunaomba jambo moja: Kanuni ya 10.1b, inayokataza kuegemeza fimbo mwilini, iandikwe upya kwa mchezaji anayetenganisha mikono yake kwenye puta, ili anayeandika kadi aone kosa kwa macho yake, asilazimike kukisia kilichomo moyoni mwa mwenzake.

Kwa msomaji asiyeshinda viwanjani, puta ni fimbo ya mwisho, ile ya kuusukumia mpira ukishafika kwenye grini, yaani uwanda wa nyasi fupi wenye shimo, mpaka uingie shimoni. Ya kawaida ina inchi 33 hadi 35 na mikono yote miwili huishika mahali pamoja. Puta ya tumbo ina inchi 41 hadi 44, ncha yake ya juu ikifika kitovuni. Puta ndefu, ambayo wengi huiita ufagio, ina inchi 48 hadi 52. Hiyo mkono mmoja huishika juu kabisa usawa wa kifua, kidole gumba kikiwa kimelala kwenye ncha, na mkono wa pili huishika chini, kwa vidole tu kama mtu aliyeshika kalamu. Wa juu unashikilia, wa chini unasukuma.

Ilikotoka mnakujua. Charlie Owens na Orville Moody waliicheza kwenye mashindano ya wakongwe Marekani miaka ya 1980, na Moody akachukua US Senior Open ya 1989 akiwa nayo mkononi. Rocco Mediate alishinda mashindano ya Doral mwaka 1991 kwa puta ndefu, Paul Azinger akashinda Hawaii mwaka 2000 kwa puta ya tumbo. Miaka yote hiyo ilichukuliwa kuwa dawa ya wazee na ya wale ambao mkono unawaruka wakiwa futi 3 kutoka shimoni. Halafu mambo yakabadilika kwa kasi. Keegan Bradley alichukua PGA Championship ya 2011, Webb Simpson akachukua US Open ya 2012, Ernie Els akachukua The Open ya mwaka huohuo, wote watatu kwa puta ya tumbo iliyoegemezwa mwilini. Adam Scott akavaa koti la kijani la Masters 2013 kwa puta ndefu. Kwenye PGA Tour, mzunguko wa wachezaji wa kulipwa Marekani, watumiaji walikuwa kama asilimia 6 hadi mwaka 2010; mwaka 2011 wakawa 11, na mwaka 2012 wakafika 15. Tarehe 28 Novemba 2012 ninyi watunga kanuni mkatangaza pendekezo la kukataza kuegemeza, Mei 2013 mkalipitisha, na tangu 1 Januari 2016 kuegemeza ni kosa kwa kila mchezaji, awe bingwa wa dunia au mtoto anayejifunza.

Sababu mliyoitoa tunaikubali hadi leo. Hamkusema kwamba wanaoegemeza wanapata alama nzuri kuliko wengine. Mlisema mpigo wa gofu ni kuizungusha fimbo nzima kwa mikono iliyo huru. Huku kwetu jambo hilo halihitaji maelezo marefu, kwa sababu kwa Kiingereza kuegemeza kunaitwa kutia nanga, na nanga tunaijua. Simama ufukweni utazame dau lililotia nanga kwenye ghuba ya Tanga maji yakianza kutoka. Omo imeshikwa na kamba, tezi inageuka polepole, chombo kizima kinachora kipande cha duara palepale. Hakiwezi kupotea njia kwa sababu ncha moja haitembei. Puta iliyokazwa kifuani hufanya hivyohivyo: ncha ya juu inakuwa bawaba, na kilichobaki ni kuachia kichwa kipite kwenye duara lile lile, hata kama mkono unatetemeka.

Sasa puta ndefu zimerudi, na safari hii zimerudi bila nanga. Agosti 2023 Lucas Glover, aliyesumbuliwa na mkono unaoruka kwa miaka mingi, alishinda wiki mbili mfululizo: Wyndham Championship, kisha FedEx St. Jude. Mwezi mmoja kabla yake Bernhard Langer, akiwa na miaka 65, alichukua US Senior Open, ushindi wake wa 46 kwenye mashindano ya wakongwe, akaivunja rekodi ya Hale Irwin ya ushindi 45. Akshay Bhatia, kijana mdogo, alishinda Texas Open mwaka 2024. Wote hawa kwa puta ndefu, mkono wa juu ukiwa mbele ya kifua. Anayetazama mashindano hayo kwenye simu Jumapili usiku, Jumamosi inayofuata anamuuliza fundi atapata wapi ufagio.

Na hapo ndipo kanuni inapotuwekea mzigo.

Kanuni inasema hivi kwa ufupi. Ni marufuku kuikaza fimbo, au mkono ulioshika fimbo, kwenye sehemu yoyote ya mwili, isipokuwa kwenye mkono mwingine au kigasha. Ni marufuku pia kukikaza kigasha mwilini ili mkono wa juu uwe nguzo ambayo mkono wa chini unaizungushia fimbo. Lakini fimbo, mkono au kigasha kikigusa tu mwili au nguo bila kukazwa, si kosa. Adhabu ni mipigo 2 katika mchezo wa kuhesabu mipigo, au kupoteza shimo katika mchezo wa mtu kwa mtu. Na kwa kuwa kila mpigo ni tukio jipya, aliyeegemeza mara tatu kwenye grini moja anadaiwa mipigo 6.

Tofauti ya kugusa na kukaza ni nini? Ni nia. Mwaka 2017, watazamaji wa televisheni walipowalalamikia Langer na Scott McCarron, hakuna aliyeadhibiwa. Wachezaji wenyewe walikana, na ikaelezwa kwamba nia ya mchezaji ndiyo inayoamua. Hatusemi walikosea. Tunasema hivi: ikiwa kamera kubwa, picha za kusimamisha na waamuzi waliosomea kazi hawakuweza kumaliza ubishi ule kwa kutazama, mwandika kadi wa Tanga, mwenye penseli fupi na jua usoni, atauamua kwa lipi?

Kuna jambo la pili ambalo hatujaliona likizungumzwa, nalo ni kubwa kuliko la nia. Ni mahali anaposimama anayetazama. Mchezaji anaputi akiwa ameelekeza ubavu kwenye shimo. Ukisimama mbele ya kifua chake, mkono wa juu unauona umelala juu ya shati kama picha ukutani. Huwezi kujua kama uko sentimita 1 au 10 kutoka kifuani. Ukisimama nyuma ya mgongo wake huoni chochote. Upenyo kati ya mkono na kifua unaonekana sawasawa ukiwa kwenye mstari wa mpira tu, nyuma ya mpira au ng'ambo ya shimo. Na hapo ndipo tunapomfundisha kila mtoto anayeanza asisimame, kwa sababu anamvuruga anayeputi. Kedi wa mchezaji mwenyewe amezuiwa na Kanuni ya 10.2b(4) kusimama nyuma ya mpira kwenye mstari ule tangu mchezaji anapoanza kuweka miguu hadi mpira uondoke. Kwa hiyo mmeweka kosa linaloonekana kutoka mahali pamoja, na adabu ya mchezo inawaondoa watu mahali hapo hapo. Kwenye mashindano makubwa kamera inakaa mbali nyuma ya grini na kuvuta picha. Sisi hatuna kamera.

Tueleze pia mkono wenyewe unavyoharibika, maana wengi wanadhani anayegusa kifua amekusudia kudanganya. Mara nyingi sivyo. Mchezaji anaanza vizuri: kiwiko cha mkono wa juu kimetoka nje kama bawa la kuku, kigasha kimekaa sambamba na ardhi, ngumi iko mbele ya kifua. Mkono ule haujaegemea popote, na umebeba ncha ya fimbo ambayo kichwa chake peke yake kinakaribia gramu 500, wakati puta ya kawaida ina kama gramu 350. Shimo la kwanza si kazi. Kufika la 13 au la 14, saa nane mchana, bega limechoka. Kiwiko kinashuka. Kikishuka kinakutana na mbavu, kigasha kinalala ubavuni, na pale pale mkono wa juu unakuwa nguzo. Hiyo ndiyo aina ya pili ya kosa kwenye kanuni yenu, na mchezaji mwenyewe mara nyingi hajui kwamba amefika huko. Anachojua ni kwamba mipira imeanza kuingia.

Njia nyingine ya kuharibika ni ya grini zetu. Grini ya ukoka wa pwani, hasa masika majani yanapokimbia kuliko mashine ya kukatia, ni nzito. Mwenye kile kipimo cha aluminiamu cha inchi 36 akiachia mpira juu yake atapata futi 7 au 8, wakati kwenye mashindano mnayotuonyesha mpira unakwenda futi 12 na zaidi. Mpira wa kutoka mbali kwenye grini kama hiyo unataka mkono wa chini urudi nyuma sana na kusukuma kwa nguvu. Mkono wa chini ukisukuma kwa nguvu, ule wa juu unavutwa mbele na fimbo nayo inainama kwa mbele, uso wa puta unaukandamiza mpira kwenye nyasi, mpira unaruka kidogo kabla ya kubingirika na umbali unapotea. Kuzuia hilo mchezaji anauvuta mkono wa juu ndani, kwenye kifua, utulie. Mwili unatafuta nguzo wenyewe. Kocha yeyote mwenye macho ameliona hili.

Halafu kuna shati. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi inavuma, na kusi inashika zamu baadaye. Uwanja ulio karibu na bahari hauna saa isiyo na upepo. Mtazame mtu aliyevaa fulana pana ya mashindano, ile inayogawiwa saizi moja kwa wote. Anainama. Kitambaa kinaning'inia mbele kama tanga lisilofungwa, upepo unakijaza, kinapiga kwenye vifundo vya mkono wa juu, kinaachia, kinapiga tena. Mpira unaondoka kitambaa kikiwa kimejikunja kati ya ngumi na kifua. Je, mkono umekikaza kitambaa au kitambaa kimeufuata mkono? Maelezo yenu rasmi ya kanuni yanasema nguo ikikazwa mwilini kwa makusudi ni kosa, ikiguswa bila kukusudia si kosa, na yanataja nguo pana na umbo la mchezaji kuwa sababu za kugusa kusiko na hatia. Ni maelezo ya haki, lakini yanaturudisha pale pale kwenye moyo wa mtu. Dada zetu wanaocheza puta ndefu wanaonewa zaidi hapa. Kwa maumbile, mkono wao wa juu unafika karibu na mwili mapema kuliko wa mwanamume, na hakuna mwandika kadi mwenye heshima atakayekwenda kukodoa macho hapo. Kinachobaki ni minong'ono baada ya mchezo. Tunawaomba TLGU walibebe hili kwa jina lao.

Tunayoyasema si mageni kwenu, maana mmewahi kuyatatua mengine kwa sentensi moja. Sam Snead alipoanza kuputi akiwa ameuweka mstari wa mpira katikati ya miguu, USGA haikuuliza nia yake. Mwaka 1968 ikakatazwa kusimama mguu huku na mguu huku wa mstari, na leo ndiyo Kanuni ya 10.1c. Mguu uko upande huu au upande ule. Hata mtoto anaona. Snead akahamishia miguu yote upande mmoja, akaendelea kucheza, na hakuna aliyegombana naye. Katika kanuni za 2019 mkasema kwamba fimbo ya kupimia eneo la kuangushia mpira ni ile ndefu kuliko zote mfukoni isipokuwa puta. Maneno hayo machache yamemnyima mwenye ufagio wa inchi 50 nafasi ya kujipimia uwanja mpana kuliko mwenzake, na hatujasikia ubishi tena.

Pendekezo letu ni la namna hiyo, na tunaliita ngumi moja.

Mchezaji ambaye mikono yake haigusani kwenye puta, mkono wake wa juu na kigasha chake viwe mbali na mwili kwa upana wa ngumi moja, tuseme sentimita 8, tangu anapotulia nyuma ya mpira hadi mpira unapoondoka. Nia isiulizwe. Nguo isihesabiwe, ikiwa inapepea au imetulia. Kinachopimwa ni mkono na mwili. Mikono ikigusana, kanuni ya sasa ibaki kama ilivyo.

Mtatuuliza, je, hizo sentimita 8 mwandika kadi ataziona vipi, nasi tumesema hawezi kusimama kwenye mstari? Ataziona kabla ya mpigo. Mchezaji akishaweka kichwa cha puta nyuma ya mpira na kabla hajakaza macho, mwandika kadi awe na haki ya kupita nyuma ya mpira mara moja, kutazama upenyo, na kurudi mahali pake. Haizidi sekunde tatu, na si lazima kila shimo. Baada ya hapo puta yenyewe itamwambia. Chukua puta ya inchi 50, yaani sentimita 127, iliyokaa vizuri chini kichwa kikiwa bapa juu ya nyasi. Uvute mkono wa juu sentimita 8 kuelekea kifuani bila kusogeza miguu. Fimbo inalala kwa karibu digrii 3 na nusu, na ncha ya nje ya kichwa chenye upana wa sentimita 10 inainuka milimita 6 kutoka ardhini. Milimita 6 ni unene wa penseli. Anayesimama mbele ya mchezaji, mahali pa adabu kabisa, anaona mwanga umeingia chini ya ncha ya puta. Mchezaji akitaka kuificha itabidi asogeze miguu karibu na mpira, na hilo nalo linaonekana. Kiwiko kikishuka mbavuni pia kinaonekana kutoka mbele, kwa sababu ule uwazi wa pembetatu kati ya mkono na ubavu unafungwa. Fimbo fupi haina ushahidi wa namna hii. Urefu wa puta ndefu ndio unaoisaliti.

Wapo wanaosema dawa ni kuweka kikomo cha urefu, inchi 46 kwa mfano, kama ile kanuni ya ndani, ambayo mashindano huchagua kuitumia, mliyoitoa Januari 2022 kwa fimbo nyingine zote isipokuwa puta. Tumelifikiria na hatulikubali. Inchi 46 zinafika tumboni kwa mtu mrefu na kifuani kwa mtu mfupi au kwa mtoto. Guan Tianlang alikuwa na miaka 14 alipocheza Masters 2013 na puta ya tumbo. Puta ile ile kwa baba yake ingekuwa kitu kingine. Kikomo cha urefu kingemwadhibu mrefu asiye na kosa na kumwachia mfupi anayeegemeza. Ninyi wenyewe mwaka 2012 mliamua kukataza mpigo na si kifaa, nasi tunaona mlikuwa sahihi.

Kuhusu puta inayolazwa kwenye kigasha, ile ya inchi 40 hadi 42 ambayo Matt Kuchar aliizoesha watu na Bryson DeChambeau akashinda nayo US Open 2020, wengi huuliza kwa nini hiyo si nanga. Swali lao lina uzito, kwa sababu fimbo imekazwa mwilini waziwazi. Ila kwetu haijawahi kuleta ugomvi hata mmoja, maana kinachoruhusiwa kinaonekana na kinachokatazwa kinaonekana: fimbo iko chini ya kiwiko au imepita kiwiko. Hatuombi iguswe. Tunaitaja kwa sababu inathibitisha hoja yetu.

Wala tusieleweke kuwa tunawafungia mlango wenye ulemavu. Kanuni ya 25, iliyoingizwa kwenye kitabu tangu 2023, inamruhusu asiyeweza kupiga bila kuegemeza kwa sababu ya kiungo kilichopungua. Ngumi moja isimguse.

Kwenu TGU, maneno yetu ni ya karakana na ya tii ya kwanza, pale mchezo unapoanzia.

Puta ndefu mpya ni ghali na haipatikani kirahisi huku, kwa hiyo nyingi zinazoingia uwanjani ni za kuunganisha. Fundi anachukua puta ya inchi 35, anavua gripu, yaani ala ya kushikia, anachomeka kipande juu, anavisha gripu mbili. Kazi hiyo ikifanywa vizuri haina tatizo. Kipande kiwe cha chuma au cha kaboni, kiingie kwa kubana ndani ya bomba, kipakwe gundi ile ya mirija miwili, kiachwe siku nzima kabla ya kuguswa. Kosa linalorudiwa ni kutumia mpini wa ufagio wa kweli. Mti unanywa unyevu masika, unavimba, unapasua bomba kwa urefu. Kiangazi unasinyaa na fimbo inaanza kulia na kucheza kwenye kiungo. Hapo imeshavunja masharti ya vifaa, kwa kuwa bomba linatakiwa lipinde sawasawa kila upande. Na hata chuma kikichomekwa bila kuziba mdomo wa kiungo, hewa ya chumvi inaingia na kutu inakula kwa ndani pasipoonekana, mpaka siku puta inakatika mkononi.

Kosa lingine ni la pembe. Puta ya inchi 35 imetengenezwa kusimama kwa digrii 70 au 72. Ukiirefusha hadi inchi 50 bila kuipinda shingo, mchezaji anasukumwa mbali na mpira na puta inaegemea mwilini yenyewe. Umemtengenezea nanga kabla hajafika uwanjani. Shingo inapaswa kupindwa ikaribie 79. Isivuke 80, kwa sababu kanuni inataka fimbo ilale angalau digrii 10 kutoka wima. Na si kila kichwa kinapindika: cha chuma cha kufuliwa hukubali, cha kusubu huweza kupasuka. Kinyume chake nacho kipo. Puta ya inchi 50 iliyokatwa kuwa 35 kwa ajili ya kijana inamfanya asimame juu ya mpira kama anayechungulia kisima.

Kwa hiyo tunaomba kila mashindano ya wazi yawe na meza ndogo kwenye tii ya kwanza, yenye futi ya chuma, kipimo cha pembe na mtu mmoja aliyefundishwa. Akague kwamba gripu zikiwa mbili zote ni za mviringo kamili na zimeachana inchi 1.5 au zaidi, kwamba gripu haizidi unene wa inchi 1.75, kwamba bomba limenyooka kutoka juu hadi inchi 5 za mwisho juu ya ardhi, na kwamba kiungo hakichezi. Dakika mbili kwa puta moja zinatosha. Puta ya kawaida ya dukani ipite tu.

Na kabla ya mchezo kuanza, mwenye puta ndefu na anayeandika kadi yake waonyeshane. Mchezaji asimame kama anavyoputi, mwandika kadi aone kiwiko chake kinakaa wapi na mkono uko umbali gani. Hata kanuni isipobadilika leo, hilo mnaweza kulifundisha kesho asubuhi kama desturi, na litaondoa nusu ya manung'uniko. Mfundisheni pia kila mwandika kadi kwamba mwenye shaka anasema pale pale kwenye grini, si baada ya kadi kutiwa saini. Aliyesaini bila kujua kwamba ana adhabu hafukuzwi mashindanoni. Kanuni ya 3.3b inaruhusu kamati kumwongezea mipigo yake. Wengi hawalijui hilo, na ndiyo maana wanaogopa kusema: wanadhani wakisema wamemfukuzisha mtu.

Mwisho, maelezo ya Kanuni ya 10.1b yaandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi moja yenye picha mbili, moja ya kutoka mbele na moja ya kutoka kwenye mstari, na ibandikwe kwenye ubao wa kila klabu nchini na kwenye banda la makedi. Picha ya kwanza ioneshe uwazi wa kiwiko. Ya pili ioneshe ngumi. TGU mkiikubali rasimu yetu ya karatasi hiyo tutaiwasilisha pamoja na vipimo vyote tulivyovitaja, na mkiona inafaa, mtupeleke nayo R&A kabla kitabu kijacho cha kanuni hakijafungwa.

Wenu katika mchezo,

Makedi, waandika kadi, mafundi wa fimbo na wachezaji wa ridhaa
Tanga